Virginia Apgar, daktari aliyeigeuza dakika ya kwanza ya uhai

Katika wodi nyingi za wazazi Afrika Mashariki, mtoto anapozaliwa mkunga huandika tarakimu mbili mbele ya neno Apgar. Wazazi wengi hudhani ni istilahi ya kitabibu tu; kumbe ni jina la mwanamke.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 mjini Westfield, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1933, akaanza mafunzo ya upasuaji. Mkuu wake, ingawa aliutambua ustadi wake, alimshauri aiache fani hiyo, kwa kuwa wanawake waliomtangulia hawakufanikiwa kujipatia riziki. Akageukia utoaji wa dawa ya usingizi, kazi iliyoachiwa zaidi wauguzi wakati huo. Ushauri ule haukuwa wa haki, lakini ndio uliomfikisha kwenye chumba cha kujifungulia. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kupata uprofesa kamili katika kitivo cha tiba cha chuo hicho.

Katika chumba hicho aliona jambo lililomkera. Mama akishajifungua, macho yote yalibaki kwake. Mtoto aliyetoka amelegea na kushindwa kupumua mara nyingi aliwekwa kando, akihesabiwa kuwa hataishi. Mwaka 1952 Apgar alipendekeza kipimo chepesi, kilichochapishwa mwaka uliofuata: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio wa mtoto anaposisimuliwa, na rangi ya ngozi. Kila ishara hupewa 0, 1 au 2. Sasa ilikuwa lazima mtu amtazame mtoto.

Siku hizi hupimwa dakika ya kwanza na ya tano. Jumla ya 7 hadi 10 huashiria hali njema. Tarakimu ndogo mwanzoni isimtie mzazi hofu ya kudumu, kwani haikukusudiwa kutabiri akili ya mtoto. Rangi ndiyo ishara yenye utata: kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, mkunga hutazama midomo na ulimi.

Apgar alizoea kutembea na kisu kidogo na mrija wa kupitishia hewa, endapo angemkuta njiani mtu aliyeshindwa kupumua. Alifariki dunia tarehe 7 Agosti 1974 jijini New York, akiwa na umri wa miaka 65.