Tuisheni: nani aliuza jioni ya mtoto wa Kariakoo?

Juzi saa kumi na moja jioni nilikuwa Mtaa wa Kongo, mhariri kanituma nikaangalie bei ya mchele. Kabla sijaufikia mchele nikasimamishwa na dogo mmoja wa darasa la tano hivi, kaptura ya bluu, shati la shule kaligeuza nje ndani ili nembo isionekane. Anauza mifuko. Mimi ni mchokozi, basi nikachukua mifuko mitatu ya bei tofauti na kumpa elfu kumi. Chenji ilikuwa mkononi mwangu kabla sijafunga waleti, na ilikuwa sawasawa. Nikamuuliza, dogo, hesabu shuleni unapata ngapi? Akacheka.

"Kaka, hesabu za mtihani zinafundishwa tuisheni. Sisi wa mifuko tunakutana nazo kwenye karatasi."

Mchele nikausahau kwa muda. Sentensi ile nimelala nayo siku tatu, na jinsi ninavyozidi kuifikiria ndivyo ninavyoona kwamba kizazi chetu tumekua tukidhani tuisheni ilikuwepo tangu Adamu. Haikuwepo. Jioni ya mtoto wa Kariakoo ilikuwa na wenyewe wengine kabla haijawekewa bei.

Kariakoo yenyewe mnajua jina lake lilikotoka: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha pakawa mji wa Waafrika, Wahindi wakiwa upande wa pili wa Mnazi Mmoja na Wazungu huko baharini. Na katika mitaa hii jioni ya kwanza ya mtoto ilikuwa chuoni. Simaanishi chuo kikuu, namaanisha chuo cha Kurani, ubao na mkeka barazani kwa mwalimu. Malipo yalikuwa ada ya Alhamisi, senti chache anazopewa mtoto na mama yake, na asiyekuwa nazo hakufukuzwa, alitumwa maji au kufagia. Mnaweza kuniambia viboko navyo vilikuwepo. Vilikuwepo, tena sana. Lakini mtoto wa mchuuzi na mtoto wa mwenye nyumba sita walikaa mkeka mmoja.

Mwaka 1933 wakazi wa mji huu waliunda Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, Kleist Sykes akiwa mmoja wa waasisi. Jumuiya hiyo ikaja kujenga shule Kariakoo iliyofundisha dini pamoja na kusoma, kuandika na hesabu. Hawakuwa matajiri wale. Walikuwa makarani, mafundi na wachuuzi waliochoka kusubiri serikali ya mkoloni, ambayo kwa Waafrika wengi elimu iliishia darasa la nne, kwa waliobahatika kulianza la kwanza.

Halafu likaja jengo ambalo wengi tunalipita kila siku bila kulitazama, Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja. Limepewa jina la George Arnautoglu, tajiri Mgiriki wa mkonge aliyetoa fedha za kulijenga. Waingereza walilitaka liwe kituo cha ustawi wa jamii, Waafrika wacheze, wajifunze kusoma, wasifikirie siasa. Hesabu zao hazikutoka. Tarehe 17 Aprili 1953, ndani ya ukumbi huohuo, mwalimu kijana wa Pugu aitwaye Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA akimshinda Abdul Sykes, na mwaka mmoja baadaye TAA ikageuka TANU. Nalitaja hili kwa sababu kwa watu wale siasa na darasa vilikuwa kitu kimoja. TANU haikuwa na mwaka mmoja na nusu ilipozaliwa TAPA, jumuiya ya wazazi, mwaka 1955. Ilifungua shule za kujitolea kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi kwa mkoloni. Mzazi wa Kariakoo wa miaka ile alichanga ili mtoto wa jirani naye asome. Leo tunachanga harusi.

Uhuru ukaja na vitu viwili ninavyovionea wivu. Cha kwanza ni redio. RTD ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na sauti ya Debora Mwenda ikisimulia hadithi waliyoisikia watoto wa nchi nzima. Redio moja ilitosha uani kwa nyumba yenye vyumba sita. Cha pili ni Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967. Ukitoka Kariakoo ukakatiza Mnazi Mmoja na kuifuata Bibi Titi unaifikia kwa miguu. Ina sehemu ya watoto, na mwaka ule wa Azimio la Arusha lilikuwa wazo la maana kabisa kwamba mtoto wa mpagazi wa sokoni akae kwenye kiti chake mwenyewe, taa inawaka, hakuna anayemtuma.

Kilichoharibu mambo kilianza kwa nia njema. Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikaamua kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Wanafunzi wa shule za msingi wakapanda kutoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kukaribia milioni 3 mwaka 1978. Walimu wakatafutwa kwa haraka, wakafundishwa kwa haraka, na wananchi kwa ulimi wao wakaisoma UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kwa shule zilizojaa mjini, zamu mbili: wengine asubuhi, wengine mchana. Nusu ya siku ya mtoto ikabaki mtaani.

Baadaye ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Hapa sitaki kuwa mwepesi wa kuhukumu. Mwalimu aliuza barafu, karanga, ubuyu, na mwisho akagundua bidhaa yenye soko zaidi ya ubuyu, yaani lile somo ambalo hakulimaliza asubuhi. Hiyo ndiyo tuisheni. Alikuwa na watoto wake wa kulisha. Ila siku alipoanza kulipunguza somo la asubuhi ili la jioni liuzike, mtoto wa muuza mihogo akawa ameibiwa mara mbili.

Naongea kwa uchungu kwa sababu nilikuwemo. Mwaka 2010 nilikuwa darasa la nne kwenye shule moja ya mjini ambayo sitaitaja. Tuisheni ilikuwa shilingi mia mbili kwa siku, mama alikuwa anauza chapati, na siku ambazo mia mbili haikuwepo nilikaa chini ya dirisha kwa nje nikinakili ninachokisikia. Kusikia kunatosha kwa maarifa ya jamii. Kwa hesabu hakutoshi, mpaka leo maumbo yananisumbua.

Na yote hayo ada ilikuwa imeshafutwa! Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, MMEM ikaanza 2002, watoto wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Mlango wa asubuhi ulifunguliwa, wa jioni ukabaki na bei yake. Uwezo walipopima mwaka huohuo wa 2010 walikuta kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Nilipoyasoma hayo nikiwa chuo kikuu nilikumbuka lile dirisha.

Kuna waliojaribu kuirudisha jioni ya bure. Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zilizotengenezwa hapahapa Dar, zilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014. Nawaheshimu. Wamefanya kwa televisheni kile RTD ilichofanya kwa redio. Lakini katuni haiwezi kukusahihishia daftari. Mkeka wa chuoni ulikuwa na mtu.

Jana nilirudi Mtaa wa Kongo. Dogo alikuwepo, mifuko ileile. Nikamuuliza kama anaijua Maktaba Kuu. Akasema anaijua vizuri, huwa anauza pale nje. Ndani hajawahi kuingia, alidhani ni ofisi. Nimemwambia tukutane mlangoni Jumamosi asubuhi. Amekubali, ingawa alisita kidogo, maana Jumamosi ndiyo siku yenye wateja.