Bawabu Asiyeonekana

Vijana wenzangu, historia ya michezo ya kompyuta husimuliwa kwa majina ya mashujaa wake. Mimi leo namsimulia bawabu: proksi ya websoketi, inayokaa mlangoni kati ya mchezaji na seva.

Mwaka 1996 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa Quake, na Desemba ikafuata QuakeWorld, iliyotengenezwa mahususi kwa kuchezwa na watu wengi kwenye intaneti. Programu ile iliongea na seva moja kwa moja. Kivinjari je? Wapi! Kilijua kuomba ukurasa na kuupokea, basi. Nani atapigana risasi kwa mtindo wa barua za posta?

Ndipo ikaja websoketi, njia inayobaki wazi huku pande zote mbili zikiongea papo kwa papo. Aprili 2010 wahandisi wa Google walionyesha Quake II ikichezwa ndani ya kivinjari kwa njia hiyo. Kumbe furaha ilikuwa na mwiba. Desemba mwaka huohuo Firefox 4, iliyokuwa bado ya majaribio, iliizima. Opera nayo vilevile. Watafiti walikuwa wameonyesha kwamba proksi za zamani, zisizoijua lugha hii mpya, zingeweza kulaghaiwa zihifadhi faili bandia na kuwagawia watu wengine kama la kweli. Bawabu anampitisha mwizi akidhani ni mjomba!

Dawa ilipatikana. Kanuni za RFC 6455, Desemba 2011, ziliagiza kila kifurushi kinachotoka kwenye kivinjari kivishwe barakoa ya biti 32 zisizotabirika, ili mlaghai asiweze kuchagua maneno yatakayoifikia proksi. Na kwa wss, kupitia mlango namba 443, mazungumzo yote hufungwa kwa fumbo.

Februari 2013 Nginx ilianza kupitisha websoketi. Hata kijana mwenye seva ndogo akaweza kuajiri bawabu wake: aonyeshe cheti, afungue fumbo, aulize mgeni katoka ukurasa gani, ndipo ampeleke kwenye seva iliyofichwa nyuma.

Wengi huhangaikia picha na sauti, bawabu wakamwacha wa mwisho. Jamani, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayecheza mchezo wako amekukabidhi nywila yake. Andika mchezo, ndugu yangu, lakini mlango usiuache wazi.