Kaseti Feki ya Ami na Kufuli la Baiti 48

Mwaka 1998 Ami yangu alikuja kututembelea Northampton kutoka Dubai. Wakati huo alikuwa anafanya kazi Deira, na kila akija begi lake lilikuwa kama duka: halwa, udi, mashati ya Baba, na zawadi zetu sisi watoto. Safari hiyo mimi nilipata kaseti ya Game Boy. Nilikuwa na miaka 10. Kwenye karatasi yake kulikuwa na picha nne ndogo na maandishi: 4 kwa 1.

Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaipeleka shule. Mnajua Game Boy ikiwashwa, jina la Nintendo linateremka taratibu kutoka juu mpaka katikati ya skrini, halafu inalia ile "ting!". Yangu iliteremsha nembo nyingine kabisa, na michezo yake minne hakuna mtu darasani aliyewahi kuisikia. Wakacheka mpaka kengele ikalia. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mama kwa Kiingereza, Ami akiwa amekaa palepale kwenye kochi, kwamba hii ni feki, ni takataka, bora asingeleta kitu. Nilidhani hataelewa. Mtu aliyeuza vitu Deira kwa miaka, kila siku anaongea na wateja wa dunia nzima, eti hataelewa Kiingereza!

Hakusema neno. Ila tangu siku hiyo hakuniletea tena kitu cha umeme. Ilikuwa mashati tu.

Nimeandika makala hii kwa sababu miaka miwili iliyopita nilijifunza kutengeneza kaseti ya Game Boy kwa mikono yangu, na katika kujifunza niligundua kwamba ile takataka ilikuwa na akili kuliko kitu chochote nyumbani kwetu. Lakini ili nieleze kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Game Boy ilitoka Japani Aprili 1989, ikafika Ulaya Septemba 1990. Iliundwa na kikosi cha Gunpei Yokoi ndani ya Nintendo, pamoja na mhandisi Satoru Okada. Yokoi aliingia kampuni hiyo mwaka 1965 kama fundi wa kuangalia mashine za kiwanda, enzi hizo kazi yao kubwa ni kuchapa karata. Falsafa yake ilikuwa ya kifundi hasa: usikimbilie teknolojia mpya. Chukua ile iliyozeeka, iliyoshuka bei, ambayo kila mtu anaijua, halafu itafutie matumizi mapya. Washindani wake, Atari Lynx na Sega Game Gear, walikuwa na skrini za rangi, na walikula betri 6 kwa saa chache. Game Boy ilikuwa na skrini ya kijanikijani yenye nukta 160 kwa 144 na vivuli 4 tu, lakini betri 4 zilikaa zaidi ya saa 10. Ndiyo iliyoshinda.

Sasa, uzuri wa kitu cha teknolojia iliyozeeka ni kwamba kinaeleweka. Fungua kaseti ya Game Boy utakuta pini 32. Pini 16 ni za anwani: kompyuta inauliza "nipe kilichoko nyumba namba fulani". Pini 8 ni za jibu. Zinazobaki ni za umeme, za kusoma na kuandika, na nyingine chache. Basi. Hakuna siri kwenye waya zenyewe. Mtu yeyote mwenye chipu ya kumbukumbu na chuma cha kulehemu angeweza kutengeneza kaseti yake. Tetris, mchezo uliouza Game Boy dunia nzima, ulikaa kwenye KB 32 tu. Picha moja unayomtumia shangazi kwa WhatsApp ni kubwa kuliko hapo.

Kampuni ililijua hilo, ikaweka kufuli. Na kufuli lenyewe ni la ajabu.

Ndani ya kompyuta ya Game Boy kuna programu ndogo ya baiti 256, ambayo ndiyo ya kwanza kuamka ukiwasha. Programu hiyo inasoma kutoka kwenye kaseti baiti 48, ambazo ni picha ya nembo ya Nintendo. Inaichora kwenye skrini, inaiteremsha, inapiga "ting!". Halafu inaisoma mara ya pili na kuilinganisha na nakala yake ya ndani, baiti kwa baiti. Ikikuta tofauti hata moja, inaganda hapohapo. Kwa hiyo ile nembo tuliyokuwa tunaiangalia utotoni tukisubiri mchezo haikuwa pambo. Yalikuwa mahojiano ya uwanja wa ndege, na kaseti ndiyo iliyoshika pasipoti.

Hesabu yao ilikuwa ya kisheria zaidi kuliko ya kiufundi. Baiti 48 kila mtu anaweza kuzinakili. Lakini ukizinakili, umetumia nembo ya biashara ya mtu bila ruhusa, na unaweza kupelekwa mahakamani. Mlango haukufungwa kwa chuma, ulifungwa kwa wakili.

Sasa turudi kwenye kaseti ya Ami. Miaka ile Taiwan kulikuwa na kampuni zilizotengeneza michezo bila leseni, na inayojulikana zaidi kwa kaseti za 4 kwa 1 ni Sachen. Tuelewane hapa: wapo waliorudufu michezo ya watu na kuiuza, na huo ni wizi, sitaupamba. Lakini Sachen walikuwa na michezo yao, waliyoitengeneza wenyewe. Walichokosa ni kibali tu. Na wahandisi wao waliona kitu kwenye lile kufuli: nembo inasomwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kuchora, mara ya pili kwa ajili ya kukagua.

Basi wakaweka ndani ya kaseti saketi ndogo inayohesabu. Kompyuta ikisoma mara ya kwanza, saketi inageuza pini moja ya anwani, kompyuta inachukua picha kutoka baiti 128 mbele zaidi bila kujua. Pale kuna nembo yao wenyewe, ndiyo inayochorwa. Hesabu ikifika, saketi inaachia ile pini, na kompyuta ikirudi kukagua inakuta baiti zilezile inazozitaka. Mlinzi kaona pasipoti sahihi, lakini watu wote ukumbini wameona sura nyingine. Nembo ya Nintendo haikuonekana kwenye skrini hata sekunde moja.

Niliposoma jambo hili nilikaa kimya, sikudanganyi. Ile nembo niliyochekwa kwa ajili yake ndiyo ilikuwa ujanja wenyewe.

Mwaka 1992 swali la aina hii lilifika mahakama ya rufaa kule California, ingawa haikuhusu Game Boy. Kampuni ya Accolade ilikuwa imechunguza mashine ya Sega ili itengeneze michezo ya kuingia humo, na Sega nayo ilikuwa na kufuli lililolazimisha jina lake litokee kwenye skrini. Mahakama ikaamua kwamba kuichambua programu ya mtu ili kujua jinsi ya kuendana nayo, pale ambapo hakuna njia nyingine, ni matumizi halali. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyeifanya nembo yako kuwa ufunguo, usimlaumu anayeutumia kupita. Kila mtu anayetengeneza vifaa vyake nyumbani leo anatembea kwenye njia iliyosafishwa na kesi ile.

Baada ya hapo kazi ilihamia kwa watu wa kawaida. Januari 1995 mtu aliyejiita Pan alitoa maandishi ya bure yaliyoeleza Game Boy inavyofanya kazi ndani. Wengine wakaongeza, wakasahihisha, na mpaka leo maandishi hayo yanakua. Mwaka 1998 mwanafunzi wa sanaa Hamburg, Oliver Wittchow, alitengeneza Nanoloop, kaseti inayoigeuza Game Boy kuwa ala ya muziki. Mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Sweden akatoa yake, LSDj. Watu wakaanza kupiga shoo jukwaani na mashine za watoto. Na ile programu ya baiti 256, ambayo inajificha mara tu ikimaliza kazi yake, ilikaa bila kusomwa mpaka 2003. Mwaka huo mtu mmoja aliifungua chipu yenyewe na kusoma biti zake moja moja kwa darubini. Miaka 14 baada ya kutoka!

Mimi nilianza na kaseti rahisi kuliko zote: chipu moja ya kumbukumbu ya KB 32. Pini 15 za anwani zinaenda moja kwa moja, pini 8 za data vilevile. Pini ya 16 ya anwani unaitumia kama swichi ya kuiamsha chipu, kwa sababu inakaa chini kila kompyuta inapouliza kwenye eneo la kaseti. Kwenye karatasi ni kazi ya jioni moja. Kwangu ilikuwa wiki tano. Mimi ni mtu wa programu, sikuwahi kushika chuma cha kulehemu. Baba alikuja akanisimamia. Yeye zamani Mombasa alikuwa akitengeneza redio zake mwenyewe, kitu ambacho kwa miaka yote hii hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kumuuliza. "Unaipasha pini kwanza, si risasi," akasema. "Risasi itakuja yenyewe ikiona moto."

Mara ya kwanza kuwasha, badala ya nembo niliona mstatili mweusi. Hivyo ndivyo Game Boy inavyofanya ikiwa haioni kaseti kabisa. Ilikuwa pini ya umeme, haikushika. Mara ya pili nembo ikaja lakini imevurugika, kama mtu ameikata vipande na kuvipanga ovyo. Pini mbili za data nilikuwa nimezibadilisha. Kwa hiyo lile kufuli lililowekwa kuwazuia watu kama mimi ndilo lililonionyesha makosa yangu yako wapi. Mara ya tatu ikaja safi. Ting! Baba akapiga makofi kama tumefunga bao.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikaongeza chipu mbili ndogo: moja inahesabu, nyingine inageuza ile pini ya anwani, kama walivyofanya wenzetu wa Taiwan. Sasa baiti 48 ni biti 384, yaani picha ya nukta 48 kwa 8. Nikachukua karatasi ya miraba na kuanza kupanga herufi. Herufi inayosomeka inahitaji upana wa nukta 5, na nukta 1 ya nafasi. Sita mara nane ni 48. Nilihitaji neno la herufi 8, na nililijua kabla hata sijahesabu.

Ami sasa amestaafu, yuko Mombasa, Kibokoni. Desemba iliyopita nilimpelekea Game Boy yangu ileile ya zamani, kaseti ikiwa ndani. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikampa. Akavaa miwani na kuiwasha. Neno likaanza kuteremka taratibu kutoka juu: SAMAHANI. Ting!

Akaangalia. Akanigeukia. "Samahani ya nini?"

Yaani hakumbuki! Nimebeba kitu hiki miaka 26, mwenzangu hakumbuki. Ikabidi nimweleze yote, shule, kochi, Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kicheko chake kile cha kikohozi.

"Kaseti ile naikumbuka," akasema. "Muuzaji alikuwa nazo aina mbili. Moja ya bei, ina mchezo mmoja. Nyingine ina minne. Nikasema, kwa ndugu yangu kuna watoto wanne. Nikiwapelekea mchezo mmoja nitakuwa nimewapelekea vita."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote nilidhani amechukua ile kwa sababu ilikuwa rahisi. Pengine ilikuwa rahisi pia, sikumuuliza. Lakini alikuwa ametuhesabu.

Akaishika tena Game Boy, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, skrini tupu. "Haya bwana fundi," akasema, "na mchezo uko wapi?"

Mchezo hamna. Nguvu zote niliziweka kwenye nembo. Nimemwahidi bao, mashimo 32, kete 64, na amesema kompyuta yangu haitamfunga. Nikirudi Mombasa mwaka ujao bila mchezo huo, nyumba ile siingii.