Kasisi William Jones na Wachungaji wa Kwanza wa Frere Town: Nafasi Yao katika Historia ya Kiswahili

Katika vitabu vingi vya historia ya Kiswahili, sura ya wamisionari wa karne ya 19 huanza kwa Johann Ludwig Krapf na kumalizikia kwa Edward Steere na William Taylor. Hapana ubishi kwamba watu hao wastahili kutajwa. Hata hivyo, orodha hiyo huacha pengo kubwa. Haiwataji Waafrika waliowafunza wageni hao lugha, wala wale waliohubiri, waliofundisha na walioendesha makao ya misheni siku hata siku. Makala haya yanamchunguza mmoja wao, Kasisi William Henry Jones, pamoja na wenzake wa Rabai na Frere Town, na yanakusudia kuonyesha kwamba maisha yao ni sehemu ya historia ya lugha, wala si ya kanisa peke yake.

Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka huo huo Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Jambo hili lafaa kuzingatiwa: juhudi za mwanzo za kuifasiri Biblia kwa Kiswahili zilipitia mikononi mwa mwanachuoni wa Kiislamu. Hali kadhalika, kamusi ya Kinyasa ya Johannes Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1877, ilitokana na maelezo ya mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyewahi kuwa mtumwa. Taylor naye, aliyekusanya methali za Waswahili na tungo za Muyaka, alitegemea sana elimu ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Wageni walishika kalamu. Maarifa yalikuwa ya wenyeji.

Jones alikuwa na asili ya Kiyao. Alitekwa utotoni, akaokolewa, na kupelekwa Bara Hindi, ambako alilelewa katika shule ya misheni karibu na Nasik. Mnamo mwaka 1864 yeye, Ishmael Semler na George David walikuwa miongoni mwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay waliotumwa Mombasa kumsaidia Rebmann. Hivyo walirejea Afrika kama watu wa kabila fulani kwa damu, lakini wageni kwa malezi. Iliwapasa kujenga makao mapya, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha na jirani zao.

Haja hiyo ilizidi mwaka 1875, William Salter Price alipoanzisha Frere Town katika eneo la Kisauni, miaka miwili baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mateka walioteremshwa huko na manowari za Waingereza walitoka katika makabila mbalimbali, wakiwemo Wayao, Wanyasa na Wamakua. Hawakuwa na lugha moja. Shuleni, kanisani na shambani, Kiswahili kikawa lugha ya jamii mpya.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Uganda. Walipofika Kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias siku hizi, Hannington alitangulia na watu 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Askofu aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyeurejesha msafara hadi Rabai, mapema mwaka 1886, ukiwa na bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, jina la Kibiblia linaloashiria kuondoka kwa utukufu. Masimulizi yake yalitumika katika kuandika maisha ya Hannington. Sifa ya ushahidi ikamwendea Askofu. Aliyeongoza msafara kurudi akabaki pembezoni mwa kitabu.

Jaribio kubwa zaidi lilikuwa Rabai. Watoro waliowakimbia mabwana wao wa pwani walikuja kutafuta hifadhi, na Jones aliwaacha wakae. Kwa Jones, aliyewahi kuwa mateka, kumrudisha mtoro hakukuwa suala la sheria tu. Kwa viongozi wa misheni, waliohofia kushambuliwa na wenye watumwa, kuwapokea kulikuwa hatari, na lawama nyingi zilimwangukia yeye. Mwaka 1888 Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, chini ya George Mackenzie, ilikubali kuwalipa fidia mabwana hao. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni wakapata hati za uhuru.

Matokeo ya kazi hiyo kwa lugha yalionekana katika kizazi kilichofuata. Mwaka 1903 chuo cha uchungaji kilianzishwa Frere Town, kabla ya kuhamishiwa Limuru mwaka 1930. Na mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa jamii hiyo ya walioachwa huru, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi. Lakini waama ni ushahidi kwamba jamii iliyokosa lugha ya pamoja mwaka 1875 ilikuwa, katika muda wa miaka 60, imeanza kuandika historia yake yenyewe kwa Kiswahili.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi za kanisa zilizoandikwa kwa Kimvita zilipoteza sehemu ya nafasi yake. Huenda hiyo nayo ni sababu mojawapo ya kusahauliwa kwa wachungaji hawa. Historia ya lugha ikiandikwa kwa kufuata kamusi na sarufi zilizochapishwa peke yake, itawahesabu waliosaini vitabu. Ikiandikwa kwa kufuata wasemaji na sababu zilizowafanya waseme, Jones, Semler, David, Salimini na Sheikh Ali watapata nafasi waliyonyimwa.