Benjamin Lay: Mtu Aliyekataa Sukari



Wanafunzi wetu hudhani kupinga utumwa kulianzia bungeni Uingereza. Leo tumzungumze mtu aliyeanzia jikoni kwake.

Benjamin Lay alizaliwa Uingereza mwaka 1682. Alikuwa mfupi sana, futi nne hivi, mwenye kibiongo, na dhehebu lake ni Quaker, wale ambao kule Kenya magharibi kanisa lao huitwa la Marafiki. Alifungua duka kisiwani Barbados, penye mashamba ya miwa. Mquaker mwenzake mmoja alikuwa akiwachapa watumwa wake kila Jumatatu asubuhi. Mtumwa mmoja akajinyonga Jumapili usiku. Lay hakuisahau habari hiyo.

Mwaka 1732 alihamia Pennsylvania, Marekani. Sukari akaiacha, kwani ilitokana na jasho la watumwa. Nyama pia akaiacha, akila matunda, mboga, asali na maziwa. Nguo zake alizitengeneza mwenyewe kwa kitani, na farasi hakumpanda. Kwake hesabu ilikuwa moja: asile wala asivae kilichopatikana kwa kumtesa kiumbe. Sisi nyama tumehalalishiwa, na katika hilo hatumfuati. Lakini tunawasomesha watoto hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula, basi swali la Lay si geni kwetu.

Mwaka 1738 aliingia katika mkutano wa Waquaker huko Burlington, ameficha upanga chini ya koti na kitabu kilichotobolewa ndani. Humo mlikuwa na kibofu kilichojaa maji mekundu ya matunda. (Kibofu chenyewe cha mnyama, wanafunzi hawakosi kuliuliza hilo!) Akakichoma, "damu" ikawarukia wenye watumwa. Akatolewa nje.

Tusiwacheke. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, na wenye mashamba wengi walikuwa Waislamu waliozisoma aya za kumwacha huru mtumwa. Soko la Unguja lilifungwa 1873, na amri ya kuufuta utumwa ikaja 1897, yote kwa shinikizo la Waingereza. Watoto wetu waambiwe na sisi, wasingoje kulisikia kwa wengine.

Lay alitengwa na dhehebu lake. Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Philadelphia uliamua kuwachukulia hatua Waquaker wanaonunua na kuuza watu. Habari zilimfikia akiwa mgonjwa, akamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata akafariki. Kuanzia 1791 familia nyingi za Uingereza ziliacha sukari ya watumwa. Thomas Clarkson alikadiria watu 300,000.