CD ya bure, na swali la mgeni

Leo turudi nyuma kidogo. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, Linux iliyokuja na kanuni za kuwataka watumiaji waheshimiane. Mpaka 2011 uliweza kuagiza CD yake, nayo ikaletwa kwa posta bila kulipa hata senti. Yangu niliichukua posta ya hapa Machakos. (Jina lenyewe halimpi Mkamba taabu: kwetu mtu ni mundu.)

Desemba hiyohiyo ya 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice: unaandika barua na kupiga hesabu kwa menyu za Kiswahili. Kazi kubwa ilikuwa kukubaliana istilahi kwanza.

Lakini menyu haijibu maswali. Nilipouliza, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, jinsi ya kugawa diski bila kupoteza Windows, nilijibiwa: soma mwongozo. Mwongozo upi? Aliyeniokoa ni jamaa wa saiba. Alivuta kiti, akasema, "Usibonyeze kitu bado. Kwanza tunakili faili zako."