Kupunguza uzito Pwani: Vyakula asilia au hesabu ya kalori?

WANAOTAKA kupunguza uzito hushauriwa kufuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kula vyakula asilia, yaani vile ambavyo havikupitia kiwandani, bila kujali sana vipimo. Ya pili ni kuhesabu kalori, yaani nguvu iliyomo katika kila chakula, ili inayoingia mwilini iwe pungufu ya inayotumika.

Katika kijiji cha wavuvi cha Gazi, kilicho baina ya Diani na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, njia zote mbili hukutana na mtihani. Wengi nje ya Kwale wanakijua kijiji hiki kwa mradi wa mikoko wa Mikoko Pamoja uliozinduliwa mwaka 2013, lakini vyakula vyake ni vile vya Pwani nzima: samaki, mihogo, viazi vitamu, mbaazi, mchicha, maembe, korosho na, zaidi ya yote, nazi.

Kwa kipimo cha uasilia, vyakula hivyo havina dosari. Tatizo ni kwamba uasilia haupunguzi nguvu iliyomo. Nyama ya nazi moja ya wastani, yenye uzito wa takriban gramu 400, ina kalori zipatazo 1,400, ingawa sehemu yake hubaki katika machicha baada ya kukamuliwa. Gramu 100 za korosho zina kalori zaidi ya 550, ilhali gramu 100 za wali uliopikwa kwa maji matupu zina takriban 130. Kwa hivyo anayeacha soda na mkate lakini akazidisha wali wa tui zito na konzi za korosho huenda asipungue hata kidogo.

Suala hili si la urembo tu. Uzito uliozidi huongeza hatari ya kupatwa na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 25 mwaka 2008-09. Kufikia mwaka 2014 walikuwa asilimia 33.

Hata hivyo, wanaotetea vyakula asilia wana hoja yenye uzito. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti na kuwapa vyakula vya viwandani kwa wiki mbili na vyakula asilia kwa wiki mbili, kila mmoja akila atakavyo. Walipokula vya viwandani walizidisha takriban kalori 500 kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Walipokula vya asilia walipungua kwa kiasi kama hicho, bila kuhesabu chochote.

Nayo hesabu ya kalori ilianzia kwa Wilbur Atwater, mtaalamu wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Kutokana na kazi yake, gramu moja ya wanga au protini hukadiriwa kuwa na kalori 4, na ya mafuta kalori 9. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini mwenye kuitumia ni binadamu. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1992, watu kumi waliolalamika kwamba hawapungui licha ya kujinyima walikuwa wakitaja karibu nusu tu ya chakula walichokula.

Katika Pwani ugumu huzidi. Familia ikila pamoja katika sinia moja, nani atajua matonge yake yalikuwa na gramu ngapi? Tui lililokamuliwa kwa kifumbu halina kibandiko cha vipimo, na uzito wake hubadilika kwa kila mpishi. Majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya, yaliyotolewa mwaka 2018, husaidia kwa kuwa yana vyakula vya nchini, tofauti na programu nyingi za simu zilizotungwa kwa ajili ya mezani kwa wageni.

Njia inayoelekea kufaa zaidi ni kushika vyakula asilia kama msingi, kisha kuhesabu vitu vichache tu vinavyobeba nguvu nyingi: mafuta, tui, sukari na kiasi cha wali au ugali. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja hufikia kalori 190, na hapo mahamri hayajaguswa. (Mahamri hupikwa nyumbani, lakini unga mweupe, sukari na mafuta havibadiliki kwa sababu ya jiko.) Kutumia tui jepesi, kuchoma samaki badala ya kumkaanga, na kujipakulia katika sahani ya peke yako ni hatua zisizohitaji mizani.

Uzito upimwe mara moja kwa wiki, saa ile ile. Wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasipunguze chakula kabla ya kumwona daktari, kwani sukari yao inaweza kushuka kupita kiasi, hasa katika mwezi wa Ramadhani.